Mtoto wa Julai

Mzazi mgeni akiingia ofisini kwangu alikuwa na swali moja la kufungulia mazungumzo: "Mwalimu, shule yenu inafaulisha?" Nilimjibu, nikamwonyesha matokeo yaliyobandikwa ukutani, kisha nikasubiri kama ataongeza la pili. Wengi hawakuongeza. Walikuwa na uchovu wa safari, lori la mizigo bado liko njiani, na kazini wanatakiwa kuripoti kesho yake. Walijaza fomu, wakamwacha mtoto amesimama kando ya kabati la vitabu na begi mgongoni, wakaondoka.

Nimestaafu sasa. Nilifundisha, kisha nikaongoza shule ya msingi hapa Dodoma, katika miaka ile ambayo Serikali ilikuwa inahamia huku. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, lakini msafara wenyewe ulianza 2016, Rais Magufuli alipotangaza Julai kwamba sasa tunahama, na Waziri Mkuu Majaliwa akatangulia Septemba. Wizara zikafuata moja baada ya nyingine, na watumishi na familia zao. Sensa ya 2012 ilikuta hapa mjini watu 410,956. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Ndani ya ongezeko hilo wamo watoto wengi wa shule, na baadhi yao walipita mbele ya meza yangu na bahasha ya uhamisho mkononi.

Kwa hiyo ninayoyasema hapa nayasema kutoka upande wa pili wa meza. Shule inayomfaa mtoto mgeni huwezi kuijua kwa rangi ya kuta, wala kwa wastani wa ufaulu, wala kwa basi linalokuja kumchukua mlangoni. Utaijua kwa jinsi inavyompokea mtoto wa Julai, yule anayeingia katikati ya mwaka wakati madawati yameshagawiwa, marafiki wameshapatana, viranja wameshateuliwa na mwalimu ameshafika nusu ya kitabu. Januari kila shule hupokea vizuri, kwa sababu Januari karibu kila mtu ni mgeni. Julai ndiyo mtihani.

Nenda siku isiyo na sherehe

Usiende kuikagua shule siku ya mahafali au siku ya wazazi. Siku hizo hata sisi tulikuwa tunapiga deki mara mbili. Nenda Jumanne au Jumatano ya kawaida, ufike kabla ya mapumziko ya asubuhi, usaini daftari la wageni, uombe kusubiri nje badala ya ofisini. Kengele ikilia, tazama uwanja.

Katika kila shule yuko mtoto aliyesimama peke yake wakati wenzake wanacheza rede na mpira wa makaratasi. Usiihukumu shule kwa hilo. Tazama kama yupo mtu mzima aliyemwona. Mwalimu wa zamu yuko wapi? Kama yuko chini ya mwarobaini anatembeatembea, anaita watoto kwa majina, hiyo ni dalili njema. Kama walimu wote wamefunga mlango wanakunywa chai, uwanja umeachiwa wababe, na mgeni ndiye wa kwanza kunyang'anywa andazi.

Kisha nenda chooni. Usione aibu kuomba. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule nyingi za mjini hazikifikii, nawe hutegemei miujiza. Unachotafuta ni maji, mlango unaofungwa, na kama binti yako yuko darasa la tano na kuendelea, chumba cha kujistiri siku zake zikimfika. Mtoto mgeni huogopa choo kuliko anavyoogopa Hisabati. Hajui foleni inaendaje, hajui tundu lipi ni bovu, na hana wa kumshikia mlango.

Uliza pia darasa lake lina mikondo mingapi na kila mkondo una watoto wangapi. Kiwango ni watoto 45. Ukitajiwa 90, usikimbie papo hapo. Uliza wanamkalisha wapi anayekuja mwisho. Jibu la "tutaona" maana yake ni nyuma kabisa, mtoto wa nne kwenye dawati la watatu.

Swali moja la kumuuliza mwalimu mkuu

Kuna mama mmoja, muuguzi aliyehamishwa kutoka Tanga, aliyekuja kwangu na swali ambalo tangu siku hiyo nawashauri wazazi wote waliulize. Baada ya shikamoo na marahaba alisema, "Mwalimu, mtoto wa mwisho kuhamia hapa ni nani, na anaendeleaje?"

Nilimwita mwalimu wa darasa la tatu. Mwalimu yule hakufungua daftari. Alisema mgeni wa mwisho ni binti wa askari magereza, katokea Lindi, ana wiki tano. Wiki ya kwanza alikuwa haendi chooni kutwa nzima, anabana miguu mpaka saa ya kutoka. Mwalimu aligundua kwa sababu mtoto alikuwa hanywi uji. Akamhamishia dawati la msichana anayekaa mtaa mmoja naye, na kila siku, dakika tano kabla ya kengele ya mapumziko, anawaruhusu wawili hao watangulie kabla foleni haijajaa. "Sasa anakunywa uji vikombe viwili," mwalimu akamaliza, akarudi darasani.

Yule mama hakuniuliza habari ya ufaulu. Alichukua kalamu akajaza fomu.

Shule ambayo mwalimu mkuu wake hamjui mgeni wa mwisho, na mwalimu wa darasa naye inabidi atafute jina kwenye rejista, haitamjua na wako. Si lazima wakwambie mambo mazuri matupu. Wakikwambia, "Bado anasumbuka, analia asubuhi, tumempa mwalimu wa malezi na unasihi," hao wanamfahamu mtoto wao. Jibu la kuogopa ni lile la "hapa wote wanaendelea vizuri."

Karatasi, na kinachotokea zikipungua

Uhamisho wa shule za serikali una utaratibu wake. Shule unayotoka huandika barua ya uhamisho, ikapita kwa afisa elimu, na mtoto huachiwa kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani ili shule mpya impokee kwa namba yake ileile. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa na ripoti ya muhula uliopita. Mimi naongeza kitu ambacho wazazi hukitupa wakifunga mizigo: madaftari yake ya mwisho ya Hisabati na Kiswahili. Ripoti inasema kapata 62. Daftari linasema wameishia mada gani, mtoto anaandikaje, na mwalimu wake alikuwa anasahihisha au anapiga vema tu. Mwalimu mzuri akipewa daftari lile atalikalia jioni nzima.

Madarasa mawili yana uzito wake. Darasa la nne na la saba ni madarasa ya mtihani wa taifa, na watahiniwa husajiliwa mapema mwaka kwa namba ya shule waliyopo. Ukihamishwa baada ya hapo, zungumza na walimu wakuu wote wawili kabla hujakata tiketi. Mara nyingi nafuu ni mtoto abaki kwa shangazi au bibi amalize, kisha akufuate. Shule ya bweni kama njia ya mkato nayo ina mpaka: tangu 2023 serikali imezuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, isipokuwa kwa kibali maalumu. Ukisikia shule inakubali kumlaza mtoto wa darasa la pili "kimyakimya", jiulize ni mangapi mengine yanafanyika hapo kimyakimya.

Karatasi zikichelewa, shule hujionyesha ilivyo. Zipo zinazomrudisha mtoto nyumbani mpaka barua ifike, na barua inaweza kukaa wiki tatu mezani kwa mtu. Zipo zinazomkalisha darasani huku zikimpigia simu mwalimu mkuu wa kule. Uliza mapema wao hufanyaje.

Sweta

Julai Dodoma ni baridi na upepo wenye vumbi, na watoto wa Dar es Salaam hufika hawana habari. Sare ya shule nyingi za serikali inafanana, shati jeupe na sketi au kaptula ya bluu, lakini sweta kila shule ina yake. Mtoto mwenye sweta la kijani katikati ya mia tano wenye masweta mekundu anaonekana kutoka geti la nje. Hahitaji kutangazwa.

Muulize mwalimu: anaruhusiwa kuvaa la zamani kwa muda gani? Shule yenye busara hukupa mpaka mwisho wa mwezi, na nyingine zina masweta ya waliomaliza darasa la saba ya kuazimisha. Shule inayomtoa mgeni mstarini Jumatatu ya kwanza kwa sababu ya sweta imekwisha kujieleza, na huna haja ya kuuliza zaidi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na mtoto mgeni anahitaji jembe lake, ila liwe la kumpa nafasi, kama kufuta ubao, kugawa madaftari au kubeba chaki. Walimu wangu wazuri walimpa mgeni kazi ndogo ya namna hiyo ndani ya wiki ya kwanza, kwa sababu anayegawa madaftari hujua majina yote kufika Ijumaa. Mgeni anayepewa zamu ya kuosha vyoo siku ya pili peke yake hajapewa jembe, ameonewa.

Lugha ya darasani

Wazazi wengi wanaohama hubadilisha na mkondo wa lugha. Mshahara uliolipia shule ya Kiingereza mji mmoja haufiki mji mwingine, au uhamisho umekuja na posho na sasa mtoto anapelekwa shule ya binafsi. Vyovyote iwavyo, kwa muhula mmoja mtoto ataonekana mjinga kuliko alivyo.

Nilikuwa na mvulana wa darasa la tano aliyetoka shule ya Kiingereza. Mwalimu wa Hisabati akamuuliza asili ya sehemu ile ni ngapi. Mtoto akaduwaa, darasa likacheka. Mwalimu mwingine angeandika "dhaifu" na kuendelea. Yule akamwita ubaoni, akamwandikia theluthi moja jumlisha robo, akamwambia, "Usiseme kitu, fanya." Mtoto akatafuta kigawe kidogo cha shirika, akapata saba ya kumi na mbili, akarudi kukaa. Kicheko kikafa chenyewe. Hesabu alikuwa nayo tangu zamani, kilichompungukia ni majina yake kwa Kiswahili, na hayo hujifunzwa kwa miezi michache mtoto akiwa hajavunjwa moyo.

Ukibadili mkondo, muulize mwalimu wa taaluma wanamsaidiaje anayetoka upande wa pili. Wakikujibu kwamba atakariri mwaka, uliza kwanza kama wamempima kwa kumpa hesabu za kufanya kimya.

Liko na la lafudhi. Mtoto wa Pwani akifika huku huchekwa kwa madaha yake, na yule wa Kigoma au Mara kwa lafudhi yake. Lakini nimeona kinyume chake pia: watoto wa wageni wa mjini wakiwacheka wenyeji Wagogo kwa Kiswahili chao na kwa mlenda kwenye hotpoti. Shule nzuri hukanya pande zote mbili kwa sauti moja.

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi watumishi waangalie vizuri. Ukishapokewa kwa tabasamu na kiti cha wageni, tazama anavyopokewa mama aliyekuja nyuma yako, aliyetoka kijijini baada ya mvua kukatika, hana barua, amemshika mtoto mkono. Akiambiwa kwa ukali asubiri nje, ujue lile tabasamu lilikuwa la cheo chako. Ukaribisho wa cheo huisha baba akihamishwa idara.

Fimbo, fedha na grupu la WhatsApp

Uliza juu ya fimbo bila kuzunguka. Waraka wa Elimu Na. 24 wa 2002 unasema adhabu ya viboko hutolewa na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, na iandikwe kwenye daftari maalumu. Muulize mwalimu mkuu daftari hilo liko wapi. Asiyelijua ana walimu wanaotembea na fimbo darasani, na mgeni asiyejua kanuni za mahali ndiye huchapwa kwanza. Mtoto aliyechelewa kwa sababu bado hajajua njia ya mkato hastahili kiboko, anastahili kuelekezwa njia.

Kwenye fedha, shule za serikali hazina ada. Michango ya chakula na mengineyo hukubaliwa na wazazi kwenye kikao, na mtoto hafukuzwi kwa mchango. Shule za binafsi zina ada, nawe uliza na yale yasiyo kwenye karatasi ya ada: basi, masomo ya ziada, kambi ya darasa la saba. Uliza zaidi: mtoto asipofikisha wastani wenu, mnamfanyaje? Shule inayojivunia kufaulisha asilimia mia kila mwaka inaweza kuwa inafundisha vizuri sana. Inaweza pia kuwa inawaondoa wazito kabla ya mtihani. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo ya 2022, ingawa wazazi bado tunazihesabu kwa vidole.

Kisha mwombe mzazi mmoja akuonyeshe grupu la darasa kwenye WhatsApp. Soma ujumbe wa wiki mbili. Kama mwalimu anabandika majina ya watoto wenye madeni, au orodha ya nafasi kuanzia wa kwanza hadi wa 87, fikiria jina la mwanao likiwa pale chini wiki ya tatu baada ya kuhamia.

Mtoto anayehitaji zaidi

Mwenye ualbino anahitaji kukaa mbele kwa sababu haoni ubao, na hatakiwi kusimama mstarini juani bila kofia na mikono mirefu. Asiyesikia vizuri anahitaji kumwona mwalimu mdomo. Mwenye pumu anahitaji mtu anayejua dawa yake iko mfuko upi wa begi. Hayo hayahitaji bajeti, yanahitaji mwalimu anayekubali kubadilisha mpango wa madawati. Hapa mkoani tuna Buigiri, Chamwino, shule ya wasioona, na kwa baadhi ya watoto pale ndipo penye walimu waliosomea kazi hiyo. Lakini wengi wanaweza kusoma shule ya jirani. Mweleze mwalimu mkuu hali ya mtoto mbele ya mwalimu wa darasa, na umsikilize yule wa darasa. Akiuliza maswali, tulia. Akikaa kimya akimtazama bosi wake, tafuta pengine.

Baada ya kengele ya kwanza

Umechagua, mtoto ameanza. Jioni usimuulize "umejifunza nini?", atakujibu "hakuna." Muulize leo amekaa na nani, mapumziko amecheza nini, na ni mwalimu gani aliyemwita kwa jina. Wiki ya kwanza majibu yatakuwa mafupi na pengine machozi. Hiyo ni kawaida na haina haja ya kwenda kugomba. Wiki ya tatu ikiwa bado hakuna jina hata moja la mwenzake, nenda kwa mwalimu wa darasa. Usianze kwa mwalimu mkuu wala kwa afisa elimu, maana utamfanya mtoto aitwe "yule wa mama mkali." Mwalimu wa darasa akishindwa ndipo upande kwa mwalimu mkuu, na akishindwa naye, kamati ya shule ipo kwa ajili hiyo.

Ukibaki na shule mbili, moja yenye ufaulu mkubwa ambako hakuna aliyemsemesha mwanao siku ile ya kwanza, na nyingine ya wastani ambako mwalimu alimuuliza jina lake na anapenda kucheza nini, mimi kwa mtoto wa chini ya darasa la tano ningechukua ya pili bila kusita. Mada alizopitwa nazo atazifidia akishatulia. Akiwa na hofu hata anayofundishwa leo hayamwingii. Kwa wa darasa la sita au la saba ningepima zaidi, kwa sababu muda wa kufidia umebaki kidogo.

Na kikao cha kwanza cha wazazi kikiitwa, nenda, hata kama kazini wamekubana. Kaa mbele, taja jina lako na mtaa unaokaa. Watoto wa mtaa huo wamo darasani mwa mwanao, na wazazi wao wamekaa kwenye benchi la nyuma yako.